Maneno ya Kale kwa Sauti Mpya



Liko jambo moja lizushalo ubishi katika vigango vingi, tangu Kasanga kando ya ziwa hata juu katika nyanda za Ufipa. Vijana wapenda kuchukua wimbo wa zamani wa Kanisa, maneno yakiwa yale yale, na kuutia sauti mpya, pamoja na ngoma, kayamba na kinanda cha umeme. Wazee hunung'unika wakisema, "Wimbo uliobadilishwa ni wimbo uliopotea." Yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana halihusu masikio tu, bali lahusu na imani ya nyumba zetu.

Kwanza tujue ya kuwa maneno ya wimbo na sauti yake si mapacha waliozaliwa siku moja. Mara nyingi maneno yalitangulia sana, na sauti ikayakuta njiani. John Newton wa Uingereza, aliyekuwa kwanza nahodha wa merikebu za watumwa na baadaye mhubiri, aliyaandika maneno ya "Amazing Grace" mwishoni mwa mwaka 1772. Lakini sauti iimbwayo leo ulimwenguni kote iliunganishwa na maneno hayo huko Marekani mwaka 1835, Newton akiwa kaburini miaka mingi. Vile vile Charles Wesley alitunga wimbo wa Noeli juu ya malaika mwaka 1739. Sauti yake ya leo ilitungwa na Mendelssohn mwaka 1840, wala haikuwa ya Noeli: ilikuwa ya sikukuu ya wapiga chapa mjini Leipzig! Viliunganishwa mwaka 1855 na mpiga kinanda mmoja Mwingereza. Na kwetu Wakatoliki, sala ya kale ya Ave verum, iliyokwisha kuimbwa kwa mamia ya miaka, Mozart aliitia sauti mpya mwaka 1791. Basi yeye asemaye kwamba kubadili sauti ni kuiharibu dini, hajui habari za nyimbo anazozipenda mwenyewe.

Walakini katika nchi zetu jambo hili lina uzito zaidi. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Karema upande wetu wa ziwa, na lile la Mpala upande wa Kongo. Walikuja na nyimbo walizofundishwa na mama zao, za Kilatini na za Kifaransa, nao walitupa kilicho chema walichokuwa nacho. Maneno yakafasiriwa, sauti zikabaki za Ulaya. Wafasiri, huko na kwingineko, walijitahidi kuhesabu silabi: mstari wenye silabi nane za Kizungu upate silabi nane za Kiswahili. Lakini hesabu ya silabi peke yake haitoshi.

Kiswahili huweka mkazo katika silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Twasema MU-ngu, BWA-na, m-ko-MBO-zi. Sauti nyingi za Ulaya huanza kwa wepesi na kumalizia kwa uzito juu ya silabi ya mwisho kabisa, kama lugha za huko zipendavyo. Basi jina la Mungu likiangukia mwisho wa mstari, sauti yapanda na kukaa juu ya "ngu," na silabi ya kwanza yamezwa. Mtu aliyezoea haoni kosa. Mgeni asikiaye mara ya kwanza hulitafuta neno wala halipati. Tena wajua kwamba mkazo waweza kugeuza maana. Neno "barabara," ukikaza silabi ya pili, ni sawasawa kabisa; ukikaza ya tatu, ni njia ya magari. Na katika lugha yetu ya Kifipa, ambayo hutenga maneno kwa sauti ya juu na ya chini kama lugha nyingi za Kibantu, hatari yazidi: sauti ya wimbo yaweza kulipandisha neno pale linapotaka kushuka.

Ndiyo sababu watu wenye elimu walianza zamani kutafuta sauti zilizo za kwetu. Ng'ambo ya ziwa huko Katanga, Joseph Kiwele, mwanafunzi wa wamisionari na mwalimu wa muziki, alitunga Misa ya Katanga karibu na mwaka 1950. Huko Kamina, Padre Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na vijana wake, walitengeneza Missa Luba, iliyoimbwa katika Misa tarehe 23 Machi 1958. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya Kyrie na Gloria, ya kale mno. Sauti zilikuwa za Kongo, na nyingi hazikuandikwa kwanza kwa noti bali zilizaliwa katika kuimba. Kwetu Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Nao ndugu zetu Walutheri walikuwa na mwalimu wao Howard Olson, aliyekusanya sauti za makabila ya nchi hii zikaimbwa na Wakristo.

Na Mama Kanisa mwenyewe amesemaje? Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza mambo mawili pamoja. Muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake katika ibada. Na hazina ya muziki wa zamani itunzwe kwa bidii. Vijana hupenda kutaja agizo la kwanza, wazee la pili. Mtaguso ulitaka yote mawili.

Sasa tusikilize hofu ya wazee, maana si ya kipumbavu. Bibi asiyejua kusoma hana kitabu ila kile kilichomo kifuani mwake. Mafundisho aliyopewa kabla ya ubatizo ameyashika kwa nyimbo, na ni sauti iyavutayo maneno kutoka katika kumbukumbu. Ukiigeuza sauti kwa ghafula, umemnyang'anya na maneno. Tena fikirini usiku wa ugonjwa mzito nyumbani. Hakuna kinanda, hakuna kwaya, labda hata taa ni hafifu. Majirani wamekuja kusali. Wataimba nini? Ikiwa bibi ajua sauti moja na wajukuu wajua nyingine, basi saa ile ya kuhitajiana watanyamaziana, na mgonjwa atakosa faraja ambayo kila mmoja wao anayo nusu yake. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Kwa hiyo, walimu wenzangu, naleta mashauri manne.

La kwanza: kabla ya kutunga sauti, yasemeni maneno kwa kinywa kama watu wanavyosema, mkipiga makofi panapokaziwa. Hapo sauti ipande na kukaa. Maneno yawe bwana, sauti iwe mtumishi.

La pili: chagueni sauti kwa busara. Nyimbo za kulima na za kupiga kasia ziwaunganisha watu wengi katika kazi moja, kiongozi akianza na wengine wakiitikia. Mtindo huo wafaa sana kwa zaburi na litania. Lakini sauti ambayo kijiji chote chaijua kuwa ni ya pombe au ya matusi, iacheni. Maneno yatakuwa matakatifu, na mawazo ya wasikilizaji yatakuwa kilabuni.

La tatu: sauti mpya isiwe ya kwaya peke yake. Kama baada ya Jumapili kadhaa waamini bado wakaa kimya wakitazama waimbaji, hamkuwapa wimbo, mmewaonyesha mchezo. Na vyombo vya umeme visiyafunike maneno. Ijaribuni sauti hiyo bila chombo chochote.

La nne: msiitupe sauti ya zamani. Iimbeni ile mpya siku moja na ya kale siku nyingine, na wazazi wawafundishe watoto ile ya kale jioni nyumbani, kabla ya sala ya usiku. Mtoto hashindwi na sauti mbili.

Tukifanya hivyo, kijana ataimba kwa sauti inayotoka katika nchi yake, wala bibi hataachwa nje ya mlango. Sauti mpya ikiwa njema, watu wenyewe wataishika bila kusukumwa, nayo siku moja itaitwa ya kale. Hapo wajukuu wetu watataka kuibadili. Nao tuwaachie maneno yakiwa mazima.