Wanaume wa Kwale Walilala Wapi?

Wajukuu zangu, hebu niambieni: hapa Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, mpaka Kinango kule juu, kina nani wengi, wanaume au wanawake? Najua mtabishana, na wavulana ndio watakaopiga kelele zaidi. Basi tuiulize sensa.

Mwaka 2009 tulihesabiwa watu 649,931: wanaume 315,997 na wanawake 333,934. Toeni wenyewe, mtaona kina mama wamezidi kwa 17,937. Ajabu ni kwamba duniani watoto wa kiume huzaliwa wengi kidogo kuliko wa kike. Sasa wa kwetu walipotelea wapi?

Wako waliotangulia mbele ya haki, maana kwa kawaida wanawake huishi miaka mingi kuliko waume. Lakini mimi naona siri kubwa imo katika swali la karani wa sensa. Akishapiga hodi, hakuhesabu kwa kule kwenu ulikozaliwa. Anauliza nani alilala hapa usiku ule wa sensa. Baba mzaliwa wa Gazi aliyevuka feri ya Likoni kutafuta kibarua bandarini, akapanga chumba Changamwe, huandikwa Mombasa. Mkewe na watoto waliobaki shambani huandikwa Kwale. Na kweli, sensa ya 2019 iliikuta Mombasa na wanaume 610,257, wanawake 598,046. Feri ni ile ile, lakini ukivuka tu, hesabu imepinduka!

Wala msidhani waume huondoka tu; wengine huja. Zamani kiwanda cha sukari cha Ramisi, hapa hapa Kwale, kilikuwa kikivuta vibarua hata kutoka bara, mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Diani nayo ikajaa mahoteli, na wapishi, walinzi na watunza bustani wakaja na masanduku yao.

Usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019, tulihesabiwa tena: wanawake 441,681, wanaume 425,121. Watu wote walikuwa 866,820, na mkijumlisha mtapungukiwa 18. Karani hakukosea. Hao ni huntha, waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu, nao walihesabiwa peke yao kwa mara ya kwanza katika sensa ya Kenya.

Sasa angalieni: watu wameongezeka kwa zaidi ya 216,000, ila pengo limeshuka hadi 16,560. Mwaka 2009, kwa kila wanawake 1,000 walikuwepo wanaume 946. Mwaka 2019 wakawa 963. Kwa nini? Kati ya sensa hizo mbili ulifunguliwa mgodi wa titani hapa kwetu, na Ramisi miwa ikarudi. Nadhani kazi ikiwa karibu, mtu hulala kwake.

Mgodi ule ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Nchi yetu huhesabu watu kila miaka 10, kwa hiyo 2029 chukueni kalamu, mtoe tena.