Wachawi wa Mezani

Jamaa wakitutembelea hapa Leicester huniuliza, "Mzee mzima, wachawi wa nini?" Jamani, si uganga! Ni visanamu vya michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kimo chake ni kama kidole gumba.

Jumamosi wajukuu huja tukavipaka rangi. Kwanza twakwangua mshono wa kalibu kwa tupa ndogo, twaviosha kwa sabuni, vikauke. Kisha rangi ya kwanza, nyembamba. Joho tunalipaka buluu. Wino mweusi uliozimuliwa kwa maji huingia mikunjoni ukafanya kivuli. Ndevu na macho huja mwisho.

Wenye watoto wadogo, sikieni: visanamu vingi vya zamani vya chuma vina madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Hivyo navishika mimi tu, mbali na chakula, kisha nanawa mikono. Wajukuu nawapa vya plastiki. Na brashi hairambwi!

Sharti la meza yetu ni moja: Kiswahili tu. Tupa, joho, mikunjo, kivuli: maneno haya wajukuu wameyapata hapa, wala hawakufundishwa darasani.