Mwanafunzi, dozi isipokukaa usimjibu daktari 'naendelea vizuri'

"Unaendeleaje?"

"Vizuri daktari, namshukuru Mungu."

Kwa watu wa pwani ya kusini, kuanzia Somanga mpaka Mchinga na Lindi mjini, jibu hilo hutoka kabla swali halijaisha. Ni adabu. Kijana aliyelelewa Kilwa, iwe Kivinje au Masoko, hamlalamikii mkubwa, na daktari ni mkubwa hata kama umri wao unakaribiana. Basi miadi iliyosubiriwa miezi mitatu huisha kwa dakika chache, cheti cha dawa kinaandikwa vilevile kilivyokuwa, na mwanafunzi anarudi hosteli na vidonge vilevile vinavyomkosesha usingizi, au vinavyomwishia mchana wakati kipindi chake kigumu kinaanza saa kumi.

Nawazungumzia vijana wa vyuo wanaotumia dawa za ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushikilia umakini, asahau, aahirishe, akurupuke, na wengine wasitulie kwenye kiti. Kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa mtundu, au huambiwa ana mapepe, na fimbo ndiyo tiba yake ya kwanza. Wasichana hupitwa zaidi, kwa sababu wengi wao hawapandi madirishani. Wanakaa kimya, macho yapo ubaoni na mawazo yapo kwingine, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Wachache wanaobahatika kufika kwa daktari wa magonjwa ya akili, wakapimwa na kuanzishiwa dawa, hukutana na jambo jipya wakifika chuoni: dozi iliyowafaa sekondari haiwakai tena, na hawajui wamwambie nani wala waanzie wapi.

Sababu ya kwanza ni ratiba. Shule ya bweni ina kengele. Kengele ya kuamka, ya mstarini, ya chakula, ya kujisomea usiku. Mtu mwenye ADHD hubebwa na kengele hizo bila kujua kwamba zinambeba. Chuo hakina kengele. Kuna kipindi kimoja asubuhi, kingine jioni, na katikati saa nyingi ambazo hakuna anayekuuliza uko wapi. Methylphenidate, dawa inayotumika sana duniani kwa hali hii, ipo ya aina mbili kubwa. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne hivi. Ile inayoachiwa taratibu mwilini huweza kufika saa nane, nyingine hata kumi na mbili. Aliyemeza kidonge cha muda mfupi saa moja asubuhi, dawa imekwisha kabla ya adhuhuri. Akiona mchana umemponyoka anadhani dozi ni ndogo. Anaongeza kidonge jioni ili apige msuli, anakesha akiangalia dari, kesho yake anasinzia darasani, na usingizi ule anauhesabu kama ushahidi kwamba dawa haitoshi. Anaongeza tena. Kumbe tatizo halikuwa kiasi, lilikuwa saa. Daktari angeliona hilo mara moja kama angeambiwa kidonge kinamezwa saa ngapi.

Sababu ya pili ni tumbo. Kila aliyesoma chuo anaijua pasi ndefu: bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, halijaingia, unaruka chai na chakula cha mchana, unakula mara moja jioni. Dawa hizi hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo pasi ndefu inakuwa rahisi mno, njaa haisemi. Mwili unakonda, kichwa kinauma, mikono inatetemeka, na moyo unakwenda mbio hasa kama mtu ameongezea kahawa au kinywaji cha kuchangamsha mwili. Wapo wanaofikia kutafuna mirungi wakati wa mitihani. Mirungi ni haramu kisheria nchini, na mbali na sheria ina kichangamshi chake chenyewe. Kuichanganya na methylphenidate ni kuupa moyo mizigo miwili kwa wakati mmoja. Haya yote daktari anatakiwa kuyajua kabla hajashika kalamu, maana mapigo ya moyo yaliyopanda kwa sababu ya kahawa na njaa hayatibiwi kwa kubadili dozi.

Halafu kuna Ramadhani, ambayo kwa Kilwa si jambo la pembeni. Vijana wengi wa huko ni Waislamu, na mwezi mtukufu wa mwaka 2025 kwa mfano uliangukia Machi, masomo yakiendelea. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, lakini najua wengi wenye ADHD hawajioni wagonjwa wa kufungua, na wanataka kufunga pamoja na wenzao. Hapo ndipo mazungumzo na daktari yanapohitajika mapema, wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Anayetumia vidonge vya muda mfupi mara mbili au tatu kwa siku hana njia ya kuvimeza mchana. Akivimeza baada ya futari, usiku wake umeharibika. Daktari anaweza kumhamishia kwenye aina inayoachiwa taratibu, imezwe wakati wa daku, au akamshauri kwa hali yake asifunge. Kinachotokea mara nyingi ni tofauti: kijana anaacha dawa kimyakimya mwezi mzima, anafeli majaribio, na akiulizwa kliniki anajibu kwamba anaendelea vizuri.

Kuacha kwenyewe kunategemea dawa. Methylphenidate haikai mwilini siku nyingi. Anayeiacha hurudiwa na hali yake upesi, na aliyekuwa akitumia kiasi kikubwa anaweza kuchoka na kushuka moyo. Atomoxetine, dawa nyingine ya ADHD, ni ya mwendo mwingine kabisa. Inachukua wiki kadhaa kabla ya nguvu yake kuonekana, na hunywewa kila siku. Kuimeza siku za mtihani tu ni sawa na kutoimeza. Wanafunzi wawili chumba kimoja wanaweza wote kusema wanatumia dawa ya ADHD, na ushauri unaomfaa mmoja ukamdhuru mwenzake. Kugawana vidonge ndilo kosa kubwa kuliko yote. Methylphenidate imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaohusu dawa zinazoathiri akili, na hapa nchini uingizaji wake uko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ukimpa rafiki kidonge kimoja ili akeshe, umevunja sheria, na humjui moyo wake ukoje.

Wazazi wengi huogopa wakisikia maelezo hayo. Wanadhani mtoto amewekwa kwenye kitu kipya kisichojulikana. Methylphenidate iliundwa Uswisi mwaka 1944, ikaingia sokoni miaka ya 1950, na imetumiwa na mamilioni ya watu. Hatari zake kuu zinafahamika, na ndiyo maana madaktari huanza na kiasi kidogo na kupandisha taratibu, wiki baada ya wiki, huku wakipima presha, mapigo ya moyo na uzito. Kupandisha, kushusha, kubadili saa na kubadili aina ni sehemu ya tiba yenyewe. Daktari aliyeandika miligramu 10 mwanzoni alitarajia urudi umwambie. Usiporudi na habari, hana cha kufanyia kazi.

Sasa njia ya kumfikia daktari huyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Nangurukuru, ile njia panda ya kuingia Kilwa, ni safari ya kilomita zinazokaribia 300. Mkoa wa Lindi una watu karibu milioni 1.2 kwa sensa ya 2022, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini wamejikusanya zaidi kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili na Mirembe ya Dodoma. Maduka ya dawa muhimu yaliyotapakaa vijijini hayana ruhusa ya kuuza dawa za aina hii. Mwanafunzi akija likizo na vidonge vya wiki mbili, akakaa miezi miwili, hana pa kujaza. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake kukata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mabasi yalikwama na mizigo ikakwama. Aliyehesabu vidonge vyake kwa siku za safari tu alibaki bila kitu. Na nauli ya kurudi kliniki Dar ni fedha ya ufuta au korosho ya mzazi, fedha inayokuja kwa msimu.

Ndiyo maana nasema mazungumzo ya likizo yafanyike kabla ya likizo. Mwombe daktari barua ya rufaa inayotaja ugonjwa, dawa, kiasi na saa za kumeza, ielekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara kama nyumbani ni upande huo. Muulize kama anaweza kukuandikia dawa za kutosha kipindi chote. Na hata ukiwa Kilwa bila bingwa, kuna kazi inayoweza kufanyika huko huko: mashine ya presha na mzani vipo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kivinje, pimwa presha, mapigo na uzito kila baada ya wiki mbili, viandikwe kwenye daftari lenye tarehe. Ukirudi chuoni, daktari wako anapokea mwenendo wa miezi miwili badala ya kipimo cha siku moja.

Katika daftari hilo weka na mambo ya utotoni. Mama, bibi, shangazi, yeyote aliyekulea, muulize kama uliwahi kupata degedege au malaria iliyokupoteza fahamu. Lindi na Mtwara zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na hili si swali la kupita. Watafiti waliofuatilia watoto katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili, na lililoguswa zaidi lilikuwa umakini. Mtu mwenye historia hiyo anaweza kuonekana kama ana ADHD, na pengine ana kifafa kisichotambuliwa pembeni yake. Daktari akijua, atachagua dawa na dozi kwa tahadhari nyingine. Nyumbani mambo ya degedege husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu huhusishwa na mashetani. Hospitalini yasemwe wazi.

Ukishaingia chumba cha daktari, heshima haizuii ukweli. Msalimie, kisha sema: "Shikamoo daktari. Dawa nameza saa moja asubuhi baada ya chai. Kufika saa tano inakuwa imekwisha, na vipindi vyangu vingi ni vya mchana. Wiki ya majaribio niliongeza kidonge jioni, sikupata usingizi mpaka saa nane usiku. Nimepungua kilo tatu tangu chuo kifunguliwe. Naomba tuangalie kama kasoro ni kiasi, ni saa, au ni aina ya dawa." Hakuna utovu wa adabu hata kidogo katika maneno hayo. Anayeficha kidonge cha jioni ndiye anayempoteza daktari, maana atapandisha dozi ya mtu ambaye tayari ameipandisha mwenyewe. Na kama hofu ni kwamba mlezi wa wanafunzi atajua, au wenzako darasani watakuita mwendawazimu, mwambie daktari hofu hiyo pia. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi yake.

Lawama zisiishie kwa mwanafunzi. Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa maombi ya kuiingiza methylphenidate kwenye orodha yake ya mfano ya dawa muhimu, kwa hoja kwamba ushahidi wa faida na madhara yake, hasa kwa matumizi ya muda mrefu, haukuwa na uhakika wa kutosha. Naielewa tahadhari hiyo. Lakini nchi nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga manunuzi, na anayelipa gharama ya kusubiri ni kijana wa Kilwa mwenye cheti halali mkononi na dirisha la dawa linalomwambia hakuna. Kadi ya bima ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imetozwa Sh50,400 kwa mwaka, haina msaada kama dawa yenyewe haipo rafuni.

Wizara ya Afya ihakikishe walau kila hospitali ya rufaa ya mkoa, Sokoine ikiwemo, inaweza kumjazia dawa mgonjwa aliyeletwa na barua ya bingwa. Vituo vya afya vya vyuo navyo viache kuuliza "unaendeleaje" peke yake. Viulize umemeza saa ngapi, umelala saa ngapi, umekula mara ngapi jana. Na wewe mwenye miadi kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula (UE), anza daftari lako usiku wa leo: saa ya kidonge, saa ya usingizi, uzito. Uende nalo kliniki, na ulisome mbele ya daktari mpaka mwisho.