Msafiri wa Pasifiki, Anza na Wenyeji

Tangu nistaafu kazi ya ukutubi hapa Tanga, watu hawajaacha kuniomba vitabu. Siku hizi wameongezeka wanaokwenda Pasifiki: mabaharia wa meli za mizigo, vijana wa uvuvi wanaopata nafasi za masomo Fiji, na mmoja mmoja mwenye uwezo aliyeona picha za Tahiti zikamkosesha usingizi. Mwaka huu zamu imemfikia mtoto wa kaka yangu, anayekwenda Suva kusomea shahada ya uzamili. "Shangazi," akaniambia, "nipe kitabu kimoja tu kinachoeleza visiwa vya Pasifiki."

Kitabu hicho hakipo, na hakiwezi kuwapo. Bahari ya Pasifiki imefunika karibu theluthi moja ya uso wa dunia. Papua New Guinea peke yake ina lugha zaidi ya 800. Tahiti bado iko chini ya Ufaransa, Guam chini ya Marekani, Tonga ina mfalme wake, na Fiji ina raia wengi ambao ni vizazi vya Wahindi waliopelekwa huko kukata miwa. Anayedai kukueleza yote hayo katika kurasa 300 amekuona mtoto. Kwa hiyo taja kwanza kisiwa unachokwenda, kisha tuzungumze vitabu.

Ukishakitaja, anza na mwandishi mwenyeji wa huko. Hapo sina mjadala. Maduka ya viwanja vya ndege yatakuuzia kinyume chake: Herman Melville, baharia aliyetoroka meli ya kuvulia nyangumi akaandika Typee mwaka 1846, James Michener, aliyefika na jeshi la wanamaji la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Paul Theroux, aliyezunguka na mtumbwi wake wa kukunja na kuchapisha safari yake mwaka 1992. Ni waandishi hodari, lakini wote walikuwa wapita njia.

Na sisi wa pwani hii tunajua maana ya kuandikwa na mpita njia. Tuseme mgeni anashuka Zanzibar na kitabu alichosoma ni kile cha Richard Burton cha mwaka 1872, kilichojaa ujuzi na dharau kwa kiasi kinacholingana. Atakutazamaje? Mimi ningemtaka awe amesoma Kuli ya Adam Shafi, awajue wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa 1948, au Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Basi tumtendee mtu wa Samoa vile tunavyotaka kutendewa.

Kwa anayekwenda Fiji au Tonga, mlango ni Epeli Hau'ofa. Alizaliwa Papua mwaka 1939, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Tonga, na alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kilichoanzishwa Suva mwaka 1968. Alifariki mwaka 2009. Tales of the Tikongs, iliyotoka mwaka 1983, ni mkusanyo wa hadithi fupi za kuchekesha kuhusu Tiko, kisiwa cha kubuni kinachovamiwa na wataalamu wa maendeleo. Katika hadithi moja yumo Ole Pasifikiwei, anayekusanya masimulizi ya wazee kwa mapenzi yake tu na kuyaandika kwenye madaftari. Anatokea bwana mmoja mgeni, anamwambia fungu la fedha lipo, kazi yake ni kuomba. Ole anaona haya. Anafundishwa namna ya kuomba, anaambiwa aunde kamati, anapelekwa kwenye warsha. Madaftari yenyewe huku nyuma yameishia chooni. Hadithi inapokwisha Ole ana vyeo tele, na kazi aliyobobea ni kuombaomba. Mtanzania aliyewahi kusaini fomu ya mahudhurio ili apate posho ya semina atacheka, halafu atanyamaza kidogo.

Nilipokwenda Suva kwa mkutano wa wakutubi, wenyeji walinialika jioni kunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi iliyosagwa ambacho wengine hukiita kava. Mnakaa mkekani, unapiga kofi moja, unapokea kifuu, unakunywa chote kwa mkupuo, kisha unapiga makofi matatu. Kinaacha ganzi ulimini. Mazungumzo yalikuwa ya adabu na ya juu juu mpaka nilipomtaja Ole Pasifikiwei. Mzee aliyekuwa akigawa kinywaji aliweka kifuu chini akacheka hadi akajifuta machozi, na kila mmoja akaanza kumtaja Ole anayemfahamu ofisini kwake. Mwongozo wa watalii ungenieleza idadi ya makofi, ila usingenipa cha kuzungumza baada ya makofi.

Hau'ofa huyohuyo aliandika mwaka 1993 insha iitwayo Our Sea of Islands, na hiyo nimemwagiza mtoto wa kaka yangu aisome kabla hajafunga begi. Hoja yake ni kwamba anayetazama kutoka bara huona vijisehemu vya ardhi vilivyopotea majini, maskini na mbali na kila kitu. Mababu wa huko waliona bahari moja pana yenye makwao, jamaa zao na njia zao. Nguvu ya insha ni kwamba anajibishana na mihadhara aliyokuwa akiitoa yeye mwenyewe darasani, iliyowaacha wanafunzi wakiziona nchi zao hazina tumaini.

Ukitaka kujua njia hizo za baharini zilipitwaje, tafuta We, the Navigators ya David Lewis, ya mwaka 1972. Huyu ni mgeni, lakini ni mgeni aliyesafiri pamoja na manahodha wa jadi na kuwaacha wamfundishe. Anaeleza jinsi nahodha anavyoshika nyota inayochomoza pale kilipo kisiwa anachokiendea; ikishapanda juu mno anaiacha na kuishika inayoifuata mahali palepale, hadi alfajiri. Mawingu yakitanda, husoma mawimbi makubwa kwa jinsi yanavyoutikisa mtumbwi. Ujuzi huohuo ndio Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal aliotumia mwaka 1976 kuuongoza mtumbwi uitwao Hōkūleʻa kutoka Hawaii mpaka Tahiti bila chombo chochote cha kupimia. Msomaji wa Tanga au Pemba ana sababu yake ya kukisoma kitabu hicho: ngalawa yetu na matengo yake inahusishwa na wanamaji wa ukoo mmoja wa lugha na watu hao wa Pasifiki, waliovuka Bahari ya Hindi na kuacha lugha yao Madagascar.

Samoa inatuhusu kwa njia nyingine, isiyopendeza. Wilhelm Solf alikuwa hakimu Dar es Salaam mwaka 1898 kabla ya kuwa gavana wa kwanza wa Kijerumani huko Samoa. Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani hapa kwetu, alikuwa amewahi kutumikia Samoa. Baadaye nchi zote mbili ziliwekwa chini ya udhamini wa kimataifa, na Samoa ikapata uhuru tarehe 1 Januari 1962, wiki tatu na ushee baada ya Tanganyika. Jinsi visiwa hivyo vilivyogombaniwa na Wajerumani, Waingereza na Wamarekani inasimuliwa na Robert Louis Stevenson katika A Footnote to History cha mwaka 1892. Naye alikuwa mgeni, ila alijenga nyumba yake Vailima, akajiingiza katika siasa za wenyeji, akafia hukohuko mwaka 1894.

Lakini kabla ya Stevenson, msome Albert Wendt, mzaliwa wa Apia. Sons for the Return Home, ya mwaka 1973, inamhusu kijana Msamoa aliyelelewa New Zealand, akapendana na msichana wa Kizungu, na aliporudi nyumbani akakuta hakuna upande unaomtosha. Ukishaisoma, fungua Coming of Age in Samoa ya mwanaanthropolojia Margaret Mead. Alifika kisiwa cha Taʻū mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 23, akawaandika wasichana wa huko kwa namna iliyoufanya ulimwengu uamini kwamba ujana wa Samoa hauna kero. Mwaka 1983 mwanaanthropolojia mwingine, Derek Freeman, alitoa kitabu kizima kumpinga, na wasomi wakagombana kwa miaka. Ukiwa na Wendt kichwani, utajua cha kuwauliza wote wawili.

Papua New Guinea ina udugu na fasihi yetu ya Afrika ambao wachache wanaujua. Mwandishi Taban lo Liyong, baada ya miaka yake Nairobi, alifundisha chuo kikuu cha huko katika miaka ya 1970. Kabla yake alifika Ulli Beier, aliyeanzisha jarida la fasihi la Black Orpheus nchini Nigeria. Kutoka kwa wanafunzi wa chuo hicho ilizaliwa The Crocodile ya Vincent Eri, mwaka 1970, riwaya ya kwanza ya mwananchi wa nchi hiyo. Shujaa wake anachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita visivyo vyake. Msomaji anayejua jina la Kariakoo lilitoka wapi hahitaji maelezo.

Na Tahiti? Waliokosa usingizi kwa picha nawapa Breadfruit ya Célestine Vaite, iliyotoka mwaka 2000. Materena anafanya kazi ya usafi majumbani na anaishi Faa'a, mtaa uliopakana na uwanja wa ndege utakaoshukia. Baba wa watoto wake amemwomba ndoa akiwa amelewa, na sasa Materena anapiga hesabu za harusi bila kujua kama mwenzake anakumbuka alichosema. Kuna shelisheli, kuna mikopo, kuna binamu wanaojua kila kitu. Kisha, kwa upande mzito, soma Island of Shattered Dreams ya Chantal Spitz, ukikumbuka kwamba Ufaransa ililipua mabomu 193 ya nyuklia ya majaribio katika visiwa vya eneo hilo kati ya 1966 na 1996.

Karibu vitabu vyote hivi viliandikwa kwa Kiingereza, kile cha Spitz kwa Kifaransa, na baadhi ni vigumu kupatikana madukani kwetu. Jaribu maktaba za vyuo vikuu, jaribu nakala za kielektroniki, na acha nafasi kwenye begi: duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini pale Laucala, Suva, linauza waandishi wa visiwani ambao huku hutawaona. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta kazi ya maana namwelekeza kwa Hau'ofa. Angesomeka kama mtu wa Chake Chake.

Usibebe kumi. Vitatu vinatosha: riwaya ya mwenyeji, historia ya kisiwa hichohicho, na mgeni mmoja wa kubishana naye njiani. Visome kwa mpangilio huo, na kwa huyo wa tatu uliza kila mara alitumwa na nani, alikaa muda gani, na aliwaandikia kina nani. Nafasi ikibaki ya kimoja tu, chukua riwaya. Hoteli utazitafuta kwa simu.