Gari linapiga stata lakini haliwaki, na mtoto anachemka homa

Saa nane usiku, Sitalike. Baba anageuza ufunguo, injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki. "Jaribu tena, baba watoto," mama anasema kutoka kiti cha nyuma, mtoto mapajani. Anajaribu mpaka stata inaanza kukoroma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iko Mpanda, zaidi ya kilomita 30, na kwa wanaoishi Karema au Inyonga safari ni ndefu zaidi ya hapo.

Stata ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida, mara nyingi betri haina kosa. Kuwaamsha majirani waje kusukuma ni kuwachosha bure. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na moto wa plagi, na kimojawapo hakijafika.

Anza na mafuta, maana geji ya gari kuukuu hudanganya, hasa likiegeshwa mteremkoni. Kisha washa swichi bila kupiga stata, nyamazisha redio na usikilize upande wa tenki. Gari lenye pampu ya umeme ndani ya tenki huvuma kwa sekunde chache. Kukiwa kimya, angalia fyuzi na relei ya pampu; fyuzi ni kitu cha bei ndogo, na inafaa kuwa na ya akiba kwenye gari. Ukinusa petroli kali baada ya kujaribu mara kadhaa, mafuta yanafika ila hayawaki: plagi zimelowa, au tatizo liko kwenye waya zake, koili au distributa. Subiri dakika kumi bila kukanyaga mafuta. Kila jaribio lisizidi sekunde 10, la sivyo utaua betri iliyokuwa nzima.

Tatizo kubwa kwa afya linaanza pale baba anapokata tamaa na kuchukua mpira ili anyonye petroli kwa mdomo kutoka kwenye pikipiki. Petroli ikipita njia ya hewa, hata kidogo tu, inaunguza mapafu, na kikohozi na kushindwa kupumua vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu ikirudi juu ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Wengine humimina petroli kwenye kabureta huku mwenzao akipiga stata. Moto hurudi usoni kabla mtu hajakwepa.

Na ile petroli ya akiba iliyo kwenye chupa ya maji ya kunywa? Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Iwekwe kwenye dumu lake, nje ya nyumba, mbali na jiko na asipofika mtoto.

Usiku wa mgonjwa, gari lipewe dakika tano tu. Kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga, piga 115 bure, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Kwa wengine, namba ya jirani mwenye gari au ya dereva wa bajaji iandikwe ukutani leo mchana. Fundi aje kesho, mwanga ukiwepo.