Kutia alama nururifu

Maana

Kutia alama nururifu ni kuambatisha kiasi kidogo cha elementi inayotoa mionzi kwenye dutu au chembe hai, ili mwendo wake mwilini ufuatiliwe kwa chombo kilicho nje ya mwili. Mwanzilishi wa wazo hili ni mkemia George de Hevesy, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Katika tiba ya wanyama, kirai hiki hutumika, kwa mfano, pale daktari anapotafuta maambukizi yaliyojificha katika mwili wa paka.

Kazi yenyewe

Paka wa kilo 4 ana damu ya takriban mililita 250 tu, hivyo inayochukuliwa ni kidogo. Chembe nyeupe hutenganishwa na chembe nyekundu, kisha huchanganywa na teknetiamu 99m iliyofungamanishwa na dawa iitwayo eksametazimu. Dawa hiyo huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa chembe. Ikishaingia hubadilika umbo na kunaswa humo. Chembe hizo hurudishwa katika mshipa wa paka yuleyule. Kwa kuwa ni desturi yake kukimbilia penye bakteria, hujikusanya kwenye jipu au kidonda cha ndani, na kamera ya gama huonyesha zilipo. Wengu, ini na uboho hung’aa hata kwa paka mzima. Msomaji wa picha hutafuta mng’ao ulio mahali pasipotarajiwa.

Kutia au kubandika?

Baadhi ya wafasiri huandika “kubandika lebo”. Kitenzi hicho hakifai hapa, kwani kinachobandikwa hukaa juu na chaweza kubanduka. Alama hii imo ndani ya chembe. Kutia ndicho kitenzi stahiki, kama tunavyotia chumvi mchuzini: ikishaingia, haichopoleki.

Nururifu na mionzi

Nururifu ni kivumishi: hueleza sifa ya kitu kinachotoa mionzi chenyewe. Mionzi ni nomino: ndiyo inayotoka. Teknetiamu 99m ni nururifu. Miale ya gama ni mionzi yake.

Kupigwa mionzi na kubeba mionzi

Hapa ndipo kosa la tafsiri huweza kuleta madhara. Katika eksirei, mionzi hutoka kwenye mashine na kupita mwilini; mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki. Katika uchunguzi huu chanzo cha mionzi ni paka mwenyewe. Maelezo yakisema “paka wako atapigwa mionzi”, mwenye paka ataelewa kwamba picha zikiisha na mionzi imekwisha, naye atampakata mara moja na kusafisha choo chake kwa mikono mitupu. Tafsiri salama ni “paka wako atabeba mionzi mwilini kwa muda”. Hapo sababu ya kumzuia kliniki, na ya kuvaa glavu unaposhika mkojo na kinyesi chake, hujieleza yenyewe.

Nusumaisha

Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomu nururifu huhitaji ili kugeuka. Si muda wa kwisha kwake, wala si nusu ya muda huo. Nusumaisha ya teknetiamu 99m ni saa 6 hivi: baada ya saa 12 hubaki robo, na baada ya saa 24 hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Ya indiamu 111, inayotumika pia kwa chembe nyeupe, ni siku 2.8 hivi. Kwa hiyo mfasiri asiandike “mionzi itakwisha baada ya saa 6”. Aandike “itapungua kwa nusu kila baada ya saa 6”.

Mifano ya matumizi

- Chembe nyeupe za paka huyu zilitiwa alama nururifu asubuhi, zikarudishwa mwilini mchana.
- Picha ilionyesha chembe zilizotiwa alama zikiwa zimejikusanya karibu na figo ya kushoto.
- Paka hataruhusiwa kurudi nyumbani hadi mionzi aliyobeba ipimwe na kuonekana imepungua vya kutosha.