Nafsi ya Nani Inauzwa? Msamiati wa Pepo na Mapatano ya Roho kwa Mtunzi wa Riwaya, kwa Mifano ya Tunduma na Songwe

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unawalenga hasa wale wanaokusudia kuandika riwaya au hadithi fupi kuhusu pepo, na kuhusu mtu anayeitoa roho ili apate mali. Mada hii inavutia, nayo imejaa katika vitabu, filamu na mahubiri. Hata hivyo, tukiyalinganisha masimulizi ya utajiri yanayosikika Tunduma, Vwawa na kwingineko mkoani Songwe na yale ya vitabu vya Ulaya, tunaona kwamba mapatano yanayosimuliwa si ya aina moja. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo imo katika sarufi yenyewe. Faust anajiuza, tajiri wa masimulizi yetu anamtoa mwenzake. Viambishi viwili vidogo, -ji- na -m-, vimebeba maadili mawili tofauti. Mtunzi asiyevitenganisha ataandika hadithi ya kigeni yenye majina ya kwetu, na zaidi ya hapo anaweza kuwadhuru watu walio hai.

2.0 Viumbe na Majina Yao

Msamiati wa Kiswahili katika uwanja huu una matabaka mawili. La kwanza ni la Kibantu: mzimu, zimwi, pepo. Maneno mzimu na zimwi yana mzizi mmoja, na ngeli ndiyo inayoyatenganisha. Mzimu ni roho ya aliyetangulia, na makao yake ni kuzimu; zimwi ni jitu linalokula watu. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii yaonyesha kwamba hata kiumbe wa kutisha huwekwa ndani ya mahusiano ya kujuana. Pepo naye ni ndugu wa upepo: haonekani, ila huhisiwa.

Tabaka la pili limetoka katika Kiarabu: shetani, ibilisi, jini, pamoja na roho na nafsi. Hapa mtunzi ahadhari. Katika mafundisho ya Kiislamu majini si waovu wote; wamo waumini miongoni mwao. Kwa hiyo, kumwita jini kila kiumbe mwovu wa filamu ni kosa la maana, si la tahajia.

Tafsiri za Biblia ziliongeza jambo jingine. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, pepo ndilo neno lililotumika kwa roho wachafu wanaotolewa watu. Neno ambalo katika ngoma za pwani lilimtaja mgeni anayeweza kutulizwa na kuishi na mwenyeji wake, sasa likamtaja adui wa kufukuzwa. Birgit Meyer, aliyewachunguza Waewe wa Ghana katika kitabu chake cha mwaka 1999, alionyesha mwenendo kama huo: roho za kienyeji zilihamishiwa upande wa Shetani, na kwa kuhamishwa huko zikaendelea kuishi. Wamoraviani waliofungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, kati ya Wanyiha, waliikuta nao kazi hiyo ya kuchagua maneno. Kila neno walilochagua lilikuwa uamuzi kuhusu nani ni jamaa na nani ni adui.

3.0 Mapatano Katika Maandiko na Katika Fasihi ya Ulaya

Katika kitabu cha Ayubu, Shetani hapatani na mwanadamu bali anaomba ruhusa kwa Mungu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, anaahidi milki zote za dunia kwa malipo ya kusujudiwa, naye anakataliwa. Katika Kurani, sura ya Ibrahim, Shetani siku ya hukumu anawaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka juu yao. Aliwaita tu, nao wakamwitikia. Hakuna hati iliyotiwa saini katika sehemu yoyote kati ya hizi.

Hati ilikuja baadaye. Kisa cha Theofilo wa Adana, kilichoenea katika Ukristo wa zama za kati, kinamhusu mtumishi wa kanisa aliyemwandikia Shetani mkataba, kisha akaokolewa na Bikira Maria. Mwaka 1587 kisa cha Faust kilichapishwa Frankfurt. Marlowe akakifanya tamthilia huko Uingereza, na Goethe akakitoa kwa sehemu mbili, mwaka 1808 na 1832. Katika visa hivi anayetia saini ndiye anayedaiwa. Dhana hii inaingia kwa urahisi katika Kiswahili kwa sababu ya neno nafsi. Katika Kiarabu, neno lililotupa nafsi hutumika pia kuonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji. Na katika sarufi yetu wenyewe, nafsi ya kwanza ni yule anayesema "mimi". Kuuza nafsi ni kuuza "mimi".

4.0 Masimulizi ya Mpakani

Tunduma imekaa mkabala na Nakonde, Zambia, kwenye barabara kuu na reli ya TAZARA. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita hapo. Katika mji wa namna hii mali huonekana ghafla, lakini njia yake haionekani. Pengo hilo hujazwa na masimulizi yanayofahamika katika sehemu nyingi za nchi: nyoka anayetapika fedha katika chumba kilichofungwa, msukule anayelima usiku, kafara, ndagu. Tajiri wa masimulizi haya hatii saini, anapewa sharti. Na sharti hutamkwa kwa kiambishi cha mtendwa: mtoe umpendaye. Mama, mtoto au ndugu ndiye anayelipa, bila kuulizwa.

Majirani wa Songwe, Wanyakyusa, wanatupa mfano mwingine. Monica Wilson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, alieleza imani yao kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba walinzi wa kijiji nao wana chatu. Hapo nguvu haikununuliwa kwa pepo yeyote. Alieleza pia imani ya pumzi ya watu, kwa neno lenye asili moja na pepo: manung'uniko ya wanakijiji humwingia mkosaji kama ubaridi, naye akaugua. Mtunzi anayemtafuta mpinzani wa tajiri asiyegawa atampata hapa, bila kuazima pembe wala mkia.

Naye Todd Sanders, katika makala ya mwaka 2001, aliyahusisha masimulizi ya biashara ya ngozi za binadamu nchini na mageuzi ya kiuchumi yaliyowafanya watu wahofu kwamba kila kitu, hata mwili, kimegeuka bidhaa.

5.0 Wajibu wa Mtunzi

Masimulizi haya hayaishii katika simulizi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mkoa wa Mbeya, ambao ulijumuisha Mbozi na Tunduma hadi Songwe ilipoundwa mwaka 2016, ulikumbwa na taarifa za watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Baadaye watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa kadhaa, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe. Vikongwe nao wameuawa kwa macho mekundu tu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni.

Lugha yetu ina kinga. Tazama tofauti kati ya "Inasemekana alimtoa mama yake" na "Alimtoa mama yake". Inasemekana, wanasema, ati na eti humwonyesha msikilizaji kwamba msemaji hathibitishi. Msimulizi anayejua yote akiliondoa neno hilo, uvumi unakuwa ushahidi. Ushauri wangu ni kuufanya uvumi wenyewe kuwa mhusika: tuone nani anauanzisha, nani ananufaika, na nani anahama kijiji kwa ajili yake. Mtunzi anapokusanya habari, asiandike majina ya wanaotuhumiwa, na asigeuze sharti la mganga kuwa maelekezo.

6.0 Hitimisho

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, mtunzi ajiulize: nani anaahidi, nani analipa, na nani anasimulia? Swali la pili linatofautisha Frankfurt na Tunduma. La tatu linamhusu yeye mwenyewe. Akijipatia wasomaji kwa kuthibitisha tuhuma dhidi ya bibi mmoja asiye na mtetezi, basi naye amemtoa mtu.